Mita sitini: Dar imelipa ada, Tunduma tusome bure

Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana wa chama hapa Tunduma. Baadhi yenu mliomba maandishi, kwa hiyo nimeyaweka karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza marudio tu.

 

Nimepewa mada inaitwa sheria za mazingira na ujenzi mijini. Najua wengine mmeshaanza kuangalia simu. Ukisema "mazingira" hapa kwetu mtu anaona picha ya kiongozi ameshika ndoo anamwagilia mche, kesho yake mbuzi ameula. Leo siongelei miche. Naongelea nyumba ya mama yako, kiwanja ulichonunua kwa faida ya kubadilisha kwacha mpakani, na siku ambayo mtu atakuja na rangi nyekundu kuchora X ukutani.

Nitaongea sana kuhusu Dar es Salaam. Msiseme dada kaenda kusoma sheria Dar kwa hiyo kila kitu ni Dar. Naongelea Dar kwa sababu Dar imeshalipa ada ya somo ambalo sisi tunaweza kulisoma bure. Sensa ya 2012 ilitukuta hapa mjini hatujafika laki moja. Sensa ya 2022 imetukuta tumepita laki mbili. Miaka kumi tu, mji umezaa mji mwingine juu yake. Hao watu wote wamejenga wapi? Wengine Mpemba, wengine Chapwa, wengine Katete, na wengine wameshuka kwenye makorongo na mabonde kwa sababu huko kiwanja ni bei rahisi. Na sisi tuna kata kabisa inaitwa Maporomoko. Sijui kama kuna mji mwingine uliopewa onyo kwa jina namna hiyo.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zinazoweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita sitini kutoka ufukwe wa bahari, ufukwe wa ziwa, ukingo wa mto, au bwawa. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo, kifungu cha 7, inaruhusu ardhi iliyo ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto au pwani itangazwe kuwa ardhi hatarishi. Mikoko na ardhi oevu zimo pia, na miteremko mikali imo. Kwa hiyo msidanganyike kwamba hizi ni sheria za watu wa pwani. Mita sitini ya Msimbazi ndiyo mita sitini ya mto wowote wa hapa Songwe.

Sheria hiyo hiyo ya 2004, kifungu cha 4, inasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinampa mtu haki ya kwenda mahakamani kuidai. Kifungu cha 81 kinataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza. Kabla, si baada. Na inataka kila halmashauri iwe na afisa mazingira, na kamati za mazingira ziwepo mpaka ngazi ya kata na mtaa. Nawauliza, nani hapa amewahi kumwona mjumbe wa kamati ya mazingira ya mtaa wake? Inua mkono. (Hakuna aliyeinua.)

Sasa twende Bonde la Msimbazi. Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji, unaingia baharini pale Daraja la Salender. Bonde lake ndilo lenye Jangwani, Hananasif, Mkwajuni, Kigogo na kadhalika. Desemba 2011 mvua ilinyesha Dar watu wapatao 40 wakafa. Serikali ikawahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande, mbali kabisa na vibarua vyao. Wengine wakarudi bondeni. Sio kwamba walipenda maji. Kazi zao, shule za watoto na wateja wa mama lishe vilikuwa mjini.

Desemba 2015, serikali mpya imeingia, tingatinga zikashuka bondeni. Wiki moja kabla ya Krismasi. Nyumba zikapigwa X, zikaanguka, watu wakalala nje na vitanda vyao huku mvua za vuli zinanyesha. Walipouliza fidia wakaambiwa mmevunja sheria, hamstahili. Wakajibu, mbona tumewekewa umeme? Mbona kodi ya majengo mlikuwa mnapokea? Mbona serikali ya mtaa ilipiga muhuri kwenye karatasi ya mauziano? Mwanzoni mwa Januari 2016 Mahakama Kuu, Divisheni ya Ardhi, ikatoa zuio la muda kwa mamia ya wakazi waliofungua shauri. Mbunge wa Kinondoni wakati huo, Maulid Mtulia wa CUF, mwenzetu wa Ukawa, alisimama nao. Baadaye alihamia CCM, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Hapa makamanda nataka tutulie kidogo, maana sisi wapinzani huwa tunaishia hapo. Tunasema serikali katili, tunapiga makofi, tunaondoka. Serikali ilikuwa katili, sipingi. Ila sheria ya mita sitini si ya kikatili. Maji hayaulizi kadi ya chama. Mtu anayelala mita kumi kutoka kwenye mto unaofurika, siku ukifurika anakufa, awe CCM awe Chadema. Mambo haya mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja, na mwanasiasa anayekwambia moja tu anakutafutia kura yako, hakutafutii usalama wako.

Kwa hiyo swali langu si kama sheria ni nzuri au mbaya. Swali ni je, inamkamata nani, na inamkamata lini.

Inamkamata nani? Bonde hilo hilo la Msimbazi, pale Jangwani, serikali yenyewe ikajenga depo ya mabasi ya mwendokasi. Mradi mkubwa, pesa za mkopo wa Benki ya Dunia, wataalamu wamejaa. Mabasi yalianza kazi 2016. Mvua zikaja, depo ikajaa maji, si mara moja, mabasi yakaharibika, barabara ya Jangwani ikawa inafungwa kila msimu. Yaani mwenye nyumba ya matofali ya kuunga-unga aliambiwa hapa ni hatari, ondoka, na mita chache kutoka hapo serikali inaegesha mabasi ya mamilioni. Kama sheria ingekuwa inasoma ramani tu, isingewaona wale ikawaacha hawa.

Mfano mwingine, katikati ya jiji. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka. Zaidi ya watu 30 walikufa, wakiwemo watoto waliokuwa wanacheza jirani. Ghorofa zilikuwa nyingi kuliko zilizoruhusiwa kwenye kibali. Pembeni kulikuwa na jengo pacha. Ikatolewa amri libomolewe. Amri hiyo ikakaa miaka, jengo limesimama. Linganisheni. Kibanda cha Mkwajuni kilisubiri siku ngapi? Novemba 2024 ghorofa lingine likaanguka Kariakoo, likaua zaidi ya watu 20. Ndo tukaambiwa ukaguzi ufanyike. Ukaguzi wetu huwa unafanyika baada ya mazishi.

Na inamkamata lini? Hapa ndo penye jibu, naomba muandike. Nyumba ya bondeni haianguki kutoka mbinguni. Kwanza dalali anapima kwa hatua za miguu. Halafu wanaandikishana mauziano, mwenyekiti wa mtaa anasaini, anapewa asilimia yake. Halafu mchanga unamwagwa, msingi unachimbwa, ukuta unapanda, bati linapigwa. Inaweza kuchukua miaka mitatu, kwa mtu wa kipato chetu hata kumi. Muda wote huo mtendaji anapita na pikipiki, afisa ardhi anapita na gari, mtu wa kodi anapita na kitabu. Hakuna anayeona. Siku nyumba imekamilika na watoto wameingia, ndipo sheria inafungua macho.

Sheria inayokuona siku unapiga kigingi inakuokolea pesa zako. Ile inayokuona siku umehamia inakufilisi. Ni sheria moja, kifungu kimoja. Tofauti ni nani amekaa ofisi ya mtaa na anamwogopa nani.

Ndo maana mimi nasema bomoabomoa ni matokeo ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Mwaka 2019 wagombea wetu walienguliwa kwa maelfu, chama kikajitoa. Mwaka 2024 tukaingia, wakaenguliwa tena, CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Watu wanasema ah, mwenyekiti wa mtaa ni kitu gani, posho yenyewe hana. Ndiyo huyo anayesaini mauziano ya kiwanja cha bondeni! Mwenyekiti ambaye hakuhitaji kura yako hana sababu ya kukwambia mwanangu usijenge hapa. Na akikwambia, hana nguvu ya kumwambia tajiri vilevile.

Lakini tusijisafishe. Januari 2016 mameya wa Kinondoni na Ilala walitoka Ukawa. Jimbo letu la Tunduma 2015 lilikuwa letu, Mheshimiwa Frank Mwakajoka bungeni. Vijana tuulize kwa heshima: katika miaka ile, ni wapi tuliweka vigingi vya mita sitini vinavyoonekana kwa macho? Ni sheria ndogo gani ya kingo za mito tunayoweza kuionyesha leo tukasema hii ni alama yetu? Nauliza kwa sababu siku tukirudi kwenye hizo ofisi, wenye viwanja watakuja kwetu, madalali watakuja kwetu, na baadhi yao watakuwa wamevaa kombati za chama. Tujue mapema tutawajibu nini.

Kuna jambo la mchanga pia. Pale Dar, upande wa Kunduchi, palikuwa na hoteli inaitwa Africana. Bahari ilikula ufukwe mpaka hoteli ikaachwa. Leo jina limebaki kwenye kituo cha daladala. Moja ya sababu zinazotajwa na wataalamu ni uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayoshuka pale, Tegeta na Mbezi. Mto ndio unaoleta mchanga ufukweni. Ukiukamua mto mchanga wake, bahari inafuata kuchukua ulipo, na kingo za mto zinaanza kumomonyoka na nyumba zinafuata. Mtu aliyechimba anakuwa ameshahama, ameuza tripu zake, hayupo.

Hapa Tunduma hatuna bahari, tuna mito na makorongo. Lakini kanuni ya maji ni ile ile. Ukichimba mchanga chini ya daraja, daraja linabaki linaning'inia. Ukichimba moramu kwenye mteremko ukaacha shimo, mvua ya Januari inalijaza, mtoto wa mtu anaenda kuogelea. Uchimbaji wa mchanga, kokoto na moramu ni madini ya ujenzi, unahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini. Sijasema tumzuie kijana anayejaza fuso asile. Nasema achimbe sehemu iliyotengwa, shimo lifukiwe, na ushuru unaokusanywa tuone sehemu yake ikirudi kufukia. Ukiona ushuru unakatwa kila tripu na shimo linakua kila wiki, ujue hapo mazingira ni jina tu la risiti.

Sasa wengine mtasema dada, sheria hizi nani atazitekeleza, mahakama zenyewe ni zao. Naomba niwape hadithi mbili za kweli kutoka vitabu vya kesi.

Mwaka 1988, mwananchi anaitwa Joseph Kessy na wenzake wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kumwaga takataka kwenye makazi yao na kuzichoma moto. Mahakama ikaamuru jiji liache. Jiji likawa linarudi kuomba muda, niongezewe, niongezewe. Mwishowe Jaji Lugakingira akakataa. Akasema kumweka mtu kwenye hatari namna hiyo kunagusa haki ya kuishi iliyopo ibara ya 14 ya Katiba. Jiji likahamishia takataka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa Mtongani, Festo Balegele na wenzake 794, nao wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1991, na jiji likazuiwa tena. Mahakama iliona kwamba eneo lenyewe kwenye mpango wa jiji lilikuwa la makazi.

Angalieni miaka. 1988, 1991. Vyama vingi vilikuwa bado, vimerudi 1992. Sheria ya mazingira ilikuwa bado, imekuja 2004. Watu wa kawaida walikuwa na Katiba, wakili, na umoja wa mtaa mmoja. Walishinda mara mbili dhidi ya jiji kubwa kuliko yote nchini. Sisi tuna sheria kamili, tuna simu zinapiga picha, tunasema haiwezekani?

Ila nisiwafiche ugumu. Mwaka 2020 Bunge lilibadilisha sheria. Leo ukitaka kuishtaki halmashauri, unatoa notisi ya siku 90, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na unafungua Mahakama Kuu. Tingatinga halisubiri siku 90. Kwa hiyo mjue kitu kimoja: mahakama zetu zimekuwa zikikubali maombi ya zuio la muda wakati notisi inahesabika, sisi tunaliita zuio la Mareva. Mtu akipigwa X leo, asisubiri. Siku hiyo hiyo apige picha, atunze karatasi ya mauziano, risiti za kodi, bili za umeme, na atafute wakili au kituo cha msaada wa kisheria. Karatasi ndizo zinazoongea mahakamani. Machozi yanaongea kwenye televisheni.

Na kuhusu fidia. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali ya mtu, na Sheria ya Ardhi inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kule Msimbazi, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022 kwa ajili ya kulitengeneza bonde, na wakazi waliobaki wamelipwa fidia ya kupisha mradi. Wale wa Desemba 2015 waliambiwa hawastahili hata shilingi. Bonde ni lile lile, mto ni ule ule. Na mkopo huo tutaulipa wote, hata wewe wa Sogea ambaye Jangwani hujawahi kupaona. Vigingi vya mwaka mmoja vingekuwa bei gani?

Namalizia na kazi, maana sikuja kutoa mhadhara tu.

Moja, kila tawi litembee kwenye mto au korongo la eneo lake na kamba ya mita sitini. Tuandike nyumba zilizomo, viwanja vilivyouzwa lakini havijajengwa, na mashimo ya mchanga. Nyumba tusimtishe mtu. Tunataka kujua ukubwa wa tatizo kabla tingatinga halijajua.

Mbili, viwanja ambavyo havijajengwa ndio vita vyetu vya kwanza. Mwenye kiwanja hicho bado hajapoteza nyumba. Tumfuate, tumwambie ukweli, hata kama ni mwanachama wetu. Hasa kama ni mwanachama wetu.

Tatu, twende kwenye vikao vya halmashauri. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi. Halmashauri ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na kabla haijapitishwa wananchi wanatakiwa watangaziwe watoe maoni. Tupeleke pendekezo la maandishi: vigingi vya kingo za mito viwekwe, ramani ya maeneo hatarishi ibandikwe ofisi ya kila mtaa, na hakuna mauziano ya kiwanja kupigwa muhuri bila kuangaliwa kwenye ramani hiyo. Wakikataa, wakatae kwa maandishi. Tutajua cha kuwaambia wananchi.

Nne, kwa waliokwisha kujenga, msimamo wetu uwe mmoja: serikali iliyopokea kodi na kupiga muhuri haiwezi kujifanya mgeni. Kuhama kuwe na notisi ya kutosha, sehemu mbadala isiyo mbali na riziki, na fidia. Lakini tusimwambie mtu akae kwenye mdomo wa mto kwa sababu tunataka kura yake Oktoba. Kura ya mtu aliyesombwa na maji haipigwi.

Kaka mmoja pale nyuma aliniuliza kabla ya kikao, dada, ukimwambia mpiga kura ukweli huo si atakukimbia? Nikamjibu anaweza kukimbia msimu mmoja. Mvua ikinyesha atakumbuka nani alimwambia.

Kamba za kupimia tumenunua mbili, ziko kwa katibu. Jumamosi saa mbili asubuhi tunaanzia Maporomoko. Vaeni viatu vya matope.